Togwa Yangu Ilipochacha

Mwaka ule nilikuwa mwanafunzi wa ubatizo kwa mara ya pili. Mara ya kwanza nilirudishwa. Wazee wa kanisa waliniuliza kama nilikwenda kwenye ngoma za mavuno, nikajibu kwa uso mkavu kwamba sikwenda. Kumbe mmoja wao alikuwa amepita njiani siku ile akasikia sauti yangu ikiongoza wimbo, na sauti yangu haifanani na ya mtu mwingine yeyote kutoka Mkolani hadi ziwani. Nikarudishwa kwenye benchi la mbele pamoja na watoto wadogo. Mume wangu, ambaye alikwisha kubatizwa, akaendelea kusubiri ndoa ya kanisani na mwanamke ambaye tayari alikuwa anampikia ugali, yaani mimi.

Mume wangu alikuwa kuli gatini Mwanza. Alipakia marobota ya pamba melini, akarudi nyumbani mwisho wa mwezi akiwa na vumbi la pamba masikioni na samaki wakavu mkononi. Mimi nilibaki Mkolani na mama yake. Boma letu lilikuwa moja, nyumba mbili, na mashamba mawili yaliyopakana katikati ya yale mawe makubwa ya kwetu.

Mama mkwe wangu alikuwa mpishi wa pombe, na sifa zake zilivuka maji. Watu walipanda mtumbwi kutoka Kamanga, wakatembea nusu siku, ili mradi wakae kwenye kivuli cha ghala lake na kibuyu mkononi. Alikuwa mrefu, mkavu, mchache wa maneno. Akikutazama unakumbuka kila sufuria uliyosahau kuosha. Mimi nina ulimi mwepesi na hasira za karibu, lakini mbele yake nilikuwa nasema "ndiyo, mayu", yaani ndiyo, mama, hata kabla hajamaliza kuuliza.

Kuhusu dini yangu hakuwa na ugomvi. Aliichukulia kama homa ya vipindi, kwamba itakuja na itaondoka.

Sasa, kwetu wakati huo hakuna mtu mwenye akili aliyelima peke yake. Vijana wa kijiji walikuwa na mkuu wao, tuliyemwita nsumba ntale, na ukitaka shamba lako lilimwe ulimwendea yeye. Akikubali anakupa siku. Siku hiyo wanakuja thelathini, majembe begani, ngoma mbele, wanajipanga mstari mmoja na kulima kwa kuimba, na jua likifika utosini shamba la kukuchosha mwezi mzima limekwisha. Malipo yao ni pombe. Asiye na pombe hana vijana, na asiye na vijana ana jembe lake na mgongo wake.

Hapo ndipo sisi wa darasani tuliposhikwa pabaya. Mwalimu wetu wa dini alikuwa ametukataza kunywa pombe, kuipika, na kumpa mtu mwingine. Hakuacha hata mlango wa panya. Na alikuwa akisema, huku akigonga meza, kwamba kweli ya Mungu haipungui kwa sababu wewe una njaa, wala haiongezeki kwa sababu umeshiba. Mimi nilikuwa naitikia kwa nguvu kuliko wote. Sikuwa nimeona bado palizi ya mwaka ule.

Majani yaliota shambani kwangu kana kwamba nimeyapanda mimi. Mtama ulikuwa haupumui. Nikaenda kwa nsumba ntale, nikamwambia nitachinja beberu na nitapika togwa, ule uji mtamu usiolevya.

Alicheka mpaka akaketi. "Shemeji, togwa ni ya watoto na wanaonyonyesha."

"Beberu je, naye ni wa watoto?" nikamuuliza.

Alimfahamu yule beberu. Kila mtu alimfahamu, maana alikuwa mnene na mwizi wa mashamba ya watu. Akafikiri kidogo, akanipa Jumanne.

Jumatatu nikapika. Uji wa mtama, kimea cha ulezi, nikakoroga mpaka mabega yakalia. Kimea kilinitokea kizuri, kitamu chenyewe hata ukikitafuna. Lakini sikuwa na vyombo vya kutosha watu thelathini, kwa hiyo nikapiga magoti kwa mama mkwe nikaazima nyungu tatu. Hapa ndipo nilipofanya ujinga. Mwanamke yeyote wa kwetu anajua kwamba nyungu iliyopikiwa pombe miaka kumi imeshiba pombe mpaka kwenye udongo wake. Uioshe, uisugue kwa mchanga, uianike juani, chachu bado imo ndani inasubiri kitu kitamu. Nilijua hayo vizuri sana. Ila nilijiambia kwamba ni usiku mmoja tu, na usiku mmoja utadhuru nini.

Jioni ile ile akafariki mzee mmoja wa kijiji. Kwetu msiba ukiwepo jembe halishikwi, hata kama majani yanaingia mlangoni. Nsumba ntale akatuma neno kwamba kazi yangu imesogezwa hadi Ijumaa. Nilikwenda msibani, nikalia kama watu wengine, na nakiri kwamba machozi mengine yalikuwa ya togwa. Mtama wa kupika tena sikuwa nao, na kimea kipya kingetaka siku kadhaa kuota. Nikafunika nyungu kwa majani ya mgomba, nikaziweka mahali penye baridi, nikajitahidi kutozifikiria.

Ijumaa alfajiri niliingia ndani nikasikia nyungu zinaongea. Zilikuwa zinanong'ona, puu, puu, puu, kama vizee vinavyosengenya. Nikafunua ya kwanza. Povu lilikuwa limepanda mpaka ukingoni. Nikachota kwa kata, nikaonja. Ulimi ukawaka, masikio yakapata joto. Ile haikuwa togwa tena. Ilikuwa pombe, na kwa bahati mbaya ilikuwa pombe nzuri.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwapo tangu lini. Akapokea kata mkononi mwangu, akaonja, akafumba macho, akaonja tena. Kisha akanisifu kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

"Mkono unao," alisema.

"Mayu, mimi nilipika togwa!"

"Ndiyo. Ulipika togwa. Nilikuona." Akanirudishia kata. "Hili lililotokea baadaye hukulifanya wewe. Ulikuwa msibani. Ni Mungu wako mwenyewe ndiye aliyeipika."

Nawaambia, nimesikia wahubiri wengi katika maisha yangu, wengine wamesomea kazi hiyo miaka na miaka, lakini sijasikia hoja iliyoniingia kama ile. Maana ilikuwa kweli! Sikupika pombe. Nilipika togwa, watu waliniona napika togwa, na vijana waliahidiwa togwa. Nikiwapa na kusema "karibuni togwa", nani atanishika? Wao watafurahi, shamba litalimwa, na wazee wa kanisa, ambao walikaa mbali kule misheni, wakiniuliza kama nilipika pombe nitajibu hapana bila hata kope kutikisika. Ubatizo ulikuwa umebakiza wiki tatu. Kila kitu kilikuwa kimejipanga vizuri, na bado nikaifunika nyungu tena.

Kwa mbali nikasikia ngoma. Vijana walikuwa wameanza safari.

Nikakimbia nyuma ya nyumba, kwenye jiwe kubwa ambapo hapakuwa na mtu isipokuwa yule beberu amefungwa kamba, nikapiga magoti. Nikaomba kwa Kiswahili, kwa maneno makubwa makubwa ya mwalimu, maana nilidhani Mungu hupokea kwanza sala za Kiswahili halafu ndiyo za kwetu. Na nilichoomba, Mungu anisamehe, ni muujiza. Nilimkumbusha ile harusi alipogeuza maji kuwa divai. Nikamwambia kwamba aliyeweza kwenda mbele hawezi kushindwa kurudi nyuma, na kwamba mimi siombi divai, naomba arudishe togwa iliyokuwa yangu tangu mwanzo. Nikasema amina, nikarudi ndani mbio, nikaonja.

Ilikuwa imezidi ukali.

Nikakasirika. Nilirudi kwenye jiwe nikiwa nimekunja ngumi na nikamgombeza Mungu kwa Kisukuma, waziwazi, kama mtu anavyomgombeza kaka yake. Nilimwambia kwamba nimeacha ngoma kwa ajili yake, na nilikuwa naongoza wimbo kuliko wanawake wote. Nimekaa na watoto kwenye benchi. Nimevumilia kuchekwa. Na sasa majani yanaua mtama wangu, na yeye, mwenye dunia yote, ananinyima nyungu tatu za togwa. Beberu alikuwa ananitazama anatafuna.

Nilipomaliza kugomba nikapiga magoti tena. Ngoma ilikuwa inakaribia, sasa nasikia hata maneno ya wimbo. Na hapo nikaona aibu, kwa sababu nilitambua kwamba tangu asubuhi nilikuwa natafuta namna ya kusema uongo ambao ungesimama mahakamani. Mwaka uliopita nilisema uongo kwa sababu niliogopa. Mwaka huu nilikuwa nautengeneza kwa mkono, naupiga msasa. Nililia kidogo. Kisha nikaomba mara ya tatu, kwa Kisukuma changu, maneno machache mno. Nilimwambia: unaona kilichomo ndani ya nyungu, na mimi naona. Nipe nguvu nikitaje kwa jina lake.

Hakuna sauti iliyotoka mbinguni. Moyo ulitulia tu, na nikajua nitakachosema. Nikafuta uso kwa pindo la kaniki nikaenda uani.

Walikuwa wameshafika, thelathini na zaidi, wanarukaruka, wanarusha majembe juu na kuyadaka. Nsumba ntale akanyoosha mkono ngoma zikanyamaza.

"Haya shemeji, tumekuja kunyonya," akasema, na wote wakacheka.

"Karibuni," nikasema. Sauti yangu kubwa ilikuwa imenikimbia. "Nina neno. Niliahidi togwa. Msiba umetuchelewesha na togwa imechacha. Sasa ni pombe. Na mimi siruhusiwi kumpa mtu pombe, kwa hiyo siwezi kuwapa. Beberu yupo, na maji yapo, ya kunywa, ya baridi."

Kikalipuka kicheko kikubwa, maana walidhani ni mzaha. Nsumba ntale alishika mbavu. "Shemeji, hiyo ndiyo habari njema ya kwanza kutoka kwenye dini yenu! Ilete!"

"Siwezi."

"Sisi hatutamwambia mtu."

"Najua. Lakini nitaulizwa, na nitasema."

"Sema ni togwa. Sisi tutaiita togwa. Enyi, mnaonaje, si togwa hiyo?" Wakaitikia wote kwa kelele kwamba ni togwa, togwa tupu, ya watoto. Mmoja akaanza kulia kama mtoto mchanga anayetaka kunyonya. Nilitamani kucheka na nilitamani kukimbia.

"Ni pombe," nikasema. Sasa sauti ilikuwa imerudi. "Na mkiniuliza mara mia nitawaambia ni pombe."

Nyuso zikabadilika. Kumwita kijana aache shamba lake, aje na jembe na kiu, halafu umwoneshe maji, ni tusi kubwa kwetu. Nsumba ntale alinitazama, si kwa hasira tu, kwa mshangao pia. Hapo mama mkwe wangu akatoka nyumbani kwake, polepole, akiwa anafunga nguo yake vizuri kiunoni.

"Nyungu ni za nani?" akaniuliza mbele ya watu.

"Zako, mayu."

"Basi nazitaka."

Akawaonesha vijana watatu mlango wa nyumba yangu. Wakaingia, wakabeba nyungu, wakapita nazo mbele ya macho yangu, povu likimwagika njiani, mpaka kwenye kivuli cha ghala lake, hatua ishirini tu. Kisha akawaonesha shamba lake la karanga. Ngoma zikalia.

Nilikaa juu ya jiwe nikatazama shamba la mama mkwe likilimwa kwa mtama wangu, kwa kimea changu, kwa mabega yangu. Na walilima! Sijawahi kuona mstari ulionyooka vile. Waliimba wimbo mpya juu ya mwanamke aliyealika watu kunywa maji kama ng'ombe, na kwa kweli ulikuwa wimbo mzuri, mpaka nikajikuta naitikia kwa mguu. Saa sita wakamaliza. Jani langu la kwanza lilikuwa bado limesimama likinitazama. Beberu akapona siku hiyo, na shukrani yake ilikuwa kukata kamba na kula kunde zangu.

Wiki tatu zile nililima peke yangu. Nilikuwa naamka, naomba, nalima, naomba tena maana mgongo ulinitia maneno mabaya kinywani. Niliokoa kama robo ya shamba. Mume wangu aliporudi mwisho wa mwezi nilimsimulia, akacheka mpaka akalala chini, kisha akashika jembe siku zake zote mbili za mapumziko bila kuambiwa. Nilimpenda sana siku hizo mbili.

Kisha ikaja siku ya maswali. Walikuwa wazee watatu pamoja na mwalimu, nyuma ya meza, kule misheni. Nilipiga magoti nikawaamkia, shikamooni, wakaitikia marahaba. Wakaniuliza amri, nikajibu. Wakaniuliza sala, nikajibu. Wakafika pale.

"Tangu uingie darasani, umepika pombe, au umempa mtu pombe?"

Hapana. Neno lilikuwa limekaa ulimini, fupi, safi, na ukilichunguza vizuri halikuwa hata uongo. Sikupika. Sikumpa mtu. Mwalimu alikuwa ananitabasamia, ananitakia heri. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amesikia ule wimbo. Nikaomba palepale kimoyomoyo, kwa Kisukuma, kabla sijafungua mdomo.

Nikawaeleza yote. Nyungu za kuazima, msiba, povu. Nikawaeleza kwamba nilijua tabia ya nyungu zile na bado nikazitumia. Kwamba watu walilewa kwa mtama wangu.

"Wewe mwenyewe uliionja?" akauliza mzee wa katikati.

"Mara mbili."

"Mara ya kwanza tunaelewa. Ya pili ilikuwa ya nini?"

"Kuangalia kama muujiza umetokea."

Mwalimu akaanza kukohoa, akatoa leso akafunika uso. Mzee wa katikati hakukohoa. Wakanitoa nje, nikakaa kwenye ngazi, nawasikia wanabishana ndani. Waliponiita wakasema kwamba wameona moyo wangu, lakini watu wamelewa bomani kwangu na jambo hilo haliwezi kupita tu. Nirudi darasani hadi Pasaka.

Yaani miezi mitatu mingine. Nilitembea kurudi Mkolani nikilia kwa sauti, na kama nilivyosema sauti yangu si ndogo, wapita njia walidhani nimefiwa. Nilikuwa na uchungu wa kweli. Nilikuwa nimefanya kila kitu sawasawa, kwa gharama, na nimerudishwa kama yule mwongo wa mwaka jana. Tena mwongo wa mwaka jana angalau alicheza ngoma.

Mama mkwe alikuwa anapepeta ulezi uani. Akanisikia kabla hajaniona.

"Wamekukataa?"

"Mpaka Pasaka, mayu."

"Nani aliwaambia?"

"Mimi."

Akaweka ungo chini. "Walikuwa wanajua?"

"Hapana."

"Ungenyamaza, wangekubatiza?"

"Ndiyo."

"Na ulijua hivyo wakati unafungua mdomo."

"Nilijua."

Alinitazama kwa namna ambayo sikuwahi kutazamwa naye, na sikukumbuka sufuria hata moja. "Sasa utafanyaje?"

"Jumapili nitarudi darasani," nikasema, na nikajishangaa, kwa sababu njia nzima nilikuwa naapa kwamba sirudi. "Na wakiniuliza tena, nitasema tena."

Aliinama akaokota punje za ulezi zilizomwagika, moja moja, akazirudisha kwenye ungo.

"Mimi nimeuza pombe maisha yangu yote," akasema, "na sijaona mtu anayemrudia mnywaji asiyelipa. Jumapili nitakwenda na wewe. Nataka nimwone huyo bwana anayekulipa vibaya namna hii, na bado unarudi kwake."